Kamera ya inchi 4 kwa 5 kwa mitaa ya Lamu: uchukue toleo la kale au la baadaye?

Kijana mmoja wa Langoni alinifuata barazani baada ya alasiri, simu mkononi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba." Akanionyesha kamera mbili za Speed Graphic, kamera za kukunja zinazotumia vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5, zilizokuwa zikiuzwa ng'ambo na watu wawili tofauti, moja ya mwaka 1942 na nyingine ya 1952. Bei ya ile ya kwanza ilikuwa karibu nusu ya bei ya pili. "Nichukue ipi?" Nikamuuliza ataka kupiga nini. Akasema milango na nyumba za mui, yaani mji wetu. Tukakaa hapo mpaka adhana ya magharibi, maana swali lake halijibiwi kwa kutazama mwaka peke yake. Haya hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Hatua ya kwanza: pima mtaa kabla ya kutafuta kamera

Chukua tepu ya fundi uende mpaka kwenye mlango unaoutamani. Pima kutoka kizingitini hadi ukuta wa nyumba inayokabili, kisha utoe nafasi ya kamera na ya kichwa chako nyuma yake. Kinachobaki ndiyo nafasi yako ya kweli, na katika mitaa mingi ya Lamu ni ndogo kuliko ulivyodhani. Kuna pahali ambapo punda wawili wenye shehena hawapishani.

Tuseme umepata mita 3. Lenzi ya milimita 90, ambayo kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 huhesabiwa kuwa pana, itaona karibu mita 4 za kimo ikiwa filamu imesimama wima. Kamera ikiwa kwenye stendi kwa kimo cha mita moja na nusu, huku ikitazama mbele bila kuinama wala kuinuka, utaona mita 2 juu ya lenzi na mita 2 chini yake. Hesabu hiyo inakupa mita tatu na nusu za ukuta, na nusu mita ya picha inakwenda kwenye ardhi mbele ya kizingiti. Mlango utaingia. Ghorofa ya juu, dirisha lake na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka mtaa, vitabaki nje.

Mwenye simu huinua simu yake juu, na kuta huanza kuegemeana kama watu wanaonong'onezana. Kamera hii ilitengenezwa ili usifanye hivyo. Mwili wa kamera unauacha wima, unainua lenzi peke yake. Ukiinua lenzi milimita 20 kwa umbali ule ule wa mita 3, unapata karibu sentimita 67 zaidi juu, unapunguza kiasi hicho hicho chini, na kuta zinabaki zimenyooka kama alivyozijenga fundi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila toleo, la kale au la karibuni, ni hili: lenzi inainuka kiasi gani, na inainuka hivyo filamu ikiwa wima?

Anayetaka kupiga mashua baharini au watu wa Maulidi hana haja na hesabu hii yote. Yeye anahitaji wepesi na kipima-umbali kizuri. Ndiyo maana nasema picha ije kwanza.

Hatua ya pili: jua ni toleo gani unaloliangalia

Graphic zilitengenezwa Rochester, New York, na wauzaji wengi huziita zote Speed Graphic. Usikubali jina hilo bila kuangalia.

Toleo la Anniversary lilianza 1940 na kuendelea hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Joe Rosenthal alipiga picha ya bendera ya Iwo Jima mwaka 1945 kwa Speed Graphic ya aina hii. Lina mbao za lenzi, yaani vibao vinavyofungiwa lenzi ili ikae kwenye kamera, zenye inchi 4 kila upande, na shata (kile kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga) ya pazia nyuma ya mwili, ya kitambaa chenye mpira, inayofika sehemu ya 1/1000 ya sekunde. Pazia hilo ndilo moyo wa Speed Graphic, na kwa kamera iliyokaa pwani ndilo pahali pa maradhi pia, kwa sababu mpira hukauka, hupasuka, au hunata.

Mwaka 1947 likaja toleo la Pacemaker, kwa sura mbili. Pacemaker Speed Graphic ilibaki na pazia. Crown Graphic haikuwekewa pazia, kwa hiyo ni nyembamba zaidi na nyepesi zaidi, na lenzi fupi, yaani pana, hukaa ndani yake bila taabu. Mbao za lenzi za Pacemaker ni za chuma na haziingiliani na zile za Anniversary. Jambo hili huwatoa watu machozi: mtu hununua mwili kwa mmoja na lenzi kwa mwingine, kisha ubao hauingii. Hapa Lamu tuna neema ya mafundi seremala wanaochonga milango, na mmoja wao alinichongea ubao wa mbao kwa jioni moja, lakini nilimpelekea ubao halisi aufuatishe. Bila mfano usimsumbue.

Pacemaker inaweza pia kulaza lenzi kuelekea nyuma. Watu hudhani ni kasoro kwamba hailali mbele. Imewekwa hivyo ili ushushe kitanda cha kamera, yaani ubao wa mbele unaobeba lenzi, kisionekane katika picha ya lenzi pana, kisha ulaze lenzi nyuma hadi isimame tena wima. Ukiwa na lenzi ya milimita 90 mtaani kwetu utaitumia hila hii karibu kila siku.

Mwaka 1958 ikaja Super Graphic, yenye mwili wa chuma chepesi na mgongo (sehemu ya nyuma inayoshika filamu) unaozunguka, na mwendo wa lenzi wenye uhuru zaidi. Kwa kazi ya milango hii ndiyo Graphic ninayoipenda kuliko zote, na sababu yake iko katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: uangalie mgongo zaidi ya uso

Anniversary na Pacemaker zina mgongo usiozunguka. Filamu imelala. Ukitaka picha ya wima, unailaza kamera nzima ubavuni, ukitumia tundu la pili la stendi. Sasa fikiria: ule mwendo wa kuinua lenzi umekuwa wa kwenda ubavuni, na cha kuinulia kimebaki ule mwendo mdogo wa kando. Pacemaker inainuka vizuri kuliko inavyosogea kando. Kwa hiyo picha ile hasa unayoitaka, ya nyumba ndefu katika mtaa mwembamba, ndiyo inayopata mwendo mdogo kuliko zote. Super Graphic haina taabu hiyo: unazungusha mgongo, mwili unabaki umesimama.

Kisha angalia mgongo wenyewe ni wa aina gani. Kuna wa springi, ambapo holda ya filamu (kibweta chembamba kinachobeba kipande cha filamu gizani) inateleza chini ya kioo cha ukungu, kile unachotazamia picha ili kulenga, na kubanwa. Kuna Graflok, ulioanza kuonekana mwaka 1949, ambapo unaweza kuondoa kioo kizima na kubana kifaa kingine kwa vyuma viwili vya kuteleza, kwa mfano mgongo wa filamu ya roli. Yote miwili inapokea holda za kawaida. Tofauti ni kwamba Graflok inakuruhusu kutumia roli, na kwa mtu anayejifunza roli ni rahisi zaidi kwa kila picha kuliko kipande cha filamu.

Aina ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Unaitwa mgongo wa Graflex. Hauna kioo cha springi cha kawaida, na unataka holda zake wenyewe zenye mfereji pahali ambapo holda za kawaida zina ukingo uliotokeza. Nilinunua kamera ya namna hiyo kwa kuona picha ya mbele tu, nzuri, ngozi haina mkwaruzo. Ilipofika, holda zangu sita hazikukaa hata moja. Muuzaji alisema hakuniambia uongo, na ni kweli: sikumuuliza. Ikakaa kabatini miezi minane hadi nilipopata mgongo wa kubadilisha, na gharama ya jumla ikapita ile ya Crown Graphic nzima niliyoikataa kwa sababu ilikuwa imechubuka.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma, kioo kikiwa ndani na kikiwa kimetolewa ikiwezekana. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mwache.

Vifaa vya Polaroid vinavyotolewa kama zawadi pamoja na kamera visikuongezee hata shilingi moja. Polaroid iliacha kutengeneza filamu za vifaa hivyo mwaka 2008.

Hatua ya nne: lenzi ina umri wake, si umri wa kamera

Mwili wa 1942 unaweza kuwa na lenzi ya 1955, na kinyume chake. Kwa lenzi za Kodak Ektar umri unasomeka kwenye lenzi yenyewe. Namba yake huanza na herufi mbili, na kila herufi ni tarakimu kutoka neno CAMEROSITY: C ni 1, A ni 2, M ni 3, E ni 4, R ni 5, O ni 6, S ni 7, I ni 8, T ni 9, Y ni 0. Lenzi yenye EO ni ya 1946. Yenye RA ni ya 1952. Muulize muuzaji herufi hizo; hata asiyejua kamera anaweza kuzisoma.

Lakini Ektar ya milimita 127, iliyokuja na Graphic nyingi, inafunika filamu ya inchi 4 kwa 5 bila kubakiza cha maana. Ukiiinua, kona za picha zinaingia giza. Hapa ndipo lenzi ya kale na ya baadaye zinapoachana kabisa, na ndipo ningeweka pesa.

Chukua lenzi mbili za Schneider, zote milimita 90. Angulon ya f/6.8 ni ndogo, inakaa ndani ya kamera iliyokunjwa, bei yake haitishi. Duara la picha yake, yaani eneo ambalo lenzi inalimulika vizuri pale penye filamu, ni karibu milimita 154, na mshazari wa filamu ni kiasi hicho hicho. Inafunika, basi, haina akiba. Super-Angulon ya f/8 ni kubwa, haikunjiki ndani ya Graphic, lakini duara lake ni milimita 216. Ile milimita 20 tuliyoihesabu mtaani, filamu ikiwa wima, inahitaji duara la karibu milimita 186. Angulon haifiki. Super-Angulon inafika na kuzidi, hata ukiinua milimita 35 bado umo.

Naona watu wanabishana usiku kucha kuhusu mwili wa 1948 na wa 1956, kisha wanafunga Angulon mbele. Mwili wowote watakaochagua, mwendo wake hautawafaa kitu.

Kuhusu shata iliyomo ndani ya lenzi: shata za Copal ziliacha kutengenezwa miaka zaidi ya kumi iliyopita, kwa hiyo karibu zote ulimwenguni sasa ni za mtumba, hata nyingi zinazoonekana mpya. Copal namba 0 inafika 1/500, namba 1 inafika 1/400, namba 3 inaishia 1/125. Mwombe muuzaji arekodi sauti ya shata kwenye sekunde 1, nusu sekunde na robo. Shata iliyoganda kwa mafuta makuukuu utaisikia, inakwenda, inasita, inamalizia kwa kuvuta. Mwendo wa kasi unaweza kuwa mzima na wa polepole umekufa, na kazi ya ndani ya nyumba zetu, kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na vyumba vya kina, ni ya mwendo wa polepole mtupu.

Hatua ya tano: kama pesa inaruhusu, Linhof; kama mgongo wako mwenyewe hauruhusu uzito, kamera mpya ya mbao

Kamera za kukunja za Linhof ya Munich zina ngazi zinazoeleweka: Technika III baada ya vita, IV mwaka 1956, V mwaka 1963, Master Technika mwaka 1972. Kutoka III kwenda IV ubao wa lenzi ulibadilika. Ule wa IV ndio uliobaki hadi leo, na watengenezaji wengi wengine wameuchukua, wakiwemo Wista, Chamonix na Intrepid. Ukinunua III unaingia nyumba yenye mlango mmoja. Ukinunua IV au baada yake, lenzi zako zinaweza kuhamia kamera nyingine kesho bila kubadilishwa ubao. Kwangu mimi hilo pekee linatosha kuiacha III, hata iwe safi namna gani.

Kati ya V na Master tofauti ambayo mtu wa Lamu ataihisi ni moja. Master ina kifuniko kidogo juu ya mwili kinachofunguka, ili lenzi fupi iliyo karibu na mwili iweze kupanda bila kugonga dari. Anayetumia milimita 75 au 65 atakishukuru. Anayetumia milimita 150 hatakifungua mwaka mzima, na V itamtosha kwa bei ndogo. Bapa za kipima-umbali nazo, vile vipande vya chuma vinavyokiunganisha na lenzi: kwa III na IV bapa hutengenezwa kwa mwili ule ule na lenzi ile ile, kwa V na Master inafuata lenzi tu. Kwa milango hutakihitaji kipima-umbali, utalenga kwa kioo cha ukungu chini ya kitambaa cheusi.

Uzito sasa. Master Technika ina kilo mbili na nusu na zaidi kabla ya lenzi. Hapa hakuna gari la kukusogeza; ni miguu, au mashua kwenda Shela na Manda. Kamera za mbao za Intrepid, zilizoanza Brighton mwaka 2014, ni za kilo moja na kidogo. Kwa hizi, tofauti na Graphic na Linhof, nasema bila kusita uchukue toleo la karibuni kuliko la mwanzo. Karakana changa hurekebisha kasoro zake kila toleo, na anayenunua la kwanza ananunua pia yale yaliyorekebishwa baadaye. Zina adui mmoja, upepo. Kusi ikivuma ufukweni, mvukuto (ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na mgongo) uliofunguka ni tanga. Fungia mfuko wa mchanga chini ya stendi, au subiri upepo utulie. Kati ya nyumba mjini hutaona tatizo.

Hatua ya sita: chumvi na unyevu

Graphic za kawaida ni mbao za mahogani zilizovikwa ngozi. Mbao yenyewe inavumilia, gundi na ngozi vinachoka. Ngozi ya mvukuto huota ukungu wakati wa masika, na pembe za mikunjo ndipo matundu huanza. Super Graphic na Linhof ni za chuma chepesi kisichoshika kutu kama pasi, lakini skrubu zao nyingi ni za chuma cha kawaida. Kila ukitoka ufukweni, futa kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha kikavu. Weka kamera na lenzi katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na vyombo vya umeme. Vikishiba unyevu vikaushe juani. Ukungu ukishaingia kati ya vioo vya lenzi hula kioo chenyewe, na huo hautoki kwa kitambaa. Kwa lenzi unayonunua, taka picha iliyopigwa tochi ikimulika kutoka nyuma.

Kijana wangu nilimwambia aache zote mbili. Ya 1942 ilikuwa na pazia ambalo muuzaji alisema "halijajaribiwa", na neno hilo lichukue kuwa limekufa. Ya 1952 ilikuwa Pacemaker nzuri yenye Graflok, nami ningemshauri aichukue kama angekuwa mpiga picha wa watu. Kwa milango atafute Super Graphic au kamera mpya ya mbao, na nusu ya pesa aiweke kwa Super-Angulon.

Hatua ya saba: siku kamera ikifika

Usiipeleke mtaani. Ingia chumba chenye giza kamili, washa tochi ndani ya mvukuto uliofunguliwa wote, zungusha, angalia kila pembe. Tundu moja la kuchoma sindano linazibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa. Matundu kumi ni mvukuto mpya.

Kisha kioo cha ukungu. Kina cha filamu katika holda ya inchi 4 kwa 5 ni karibu milimita 5 kutoka ukingo wake, na kioo lazima kikae kwa kina hicho hicho, upande ulioparuzwa ukitazama lenzi. Kamera nyingi za kale zilibadilishwa kioo na mtu asiyejua, kikageuzwa au kikawekewa karatasi chini yake. Weka tepu kwa mshazari sakafuni, lenga kwenye namba moja ukiwa umefungua lenzi yote, piga kipande kimoja. Ikiwa namba iliyotoka kali katika negativu si ile uliyoilenga, kioo hakiko pahali pake.

Mwisho weka holda yenye filamu, ziba lenzi, toa kifuniko cha holda, na uiache kamera juani dakika tano huku ukiigeuza kila upande. Rudisha kifuniko, safisha filamu. Maji ya bomba letu ni ya moto kupita nyuzi 20 zinazotakiwa, kwa hiyo barafu iwe tayari. Kipande kikitoka cheupe kabisa, kamera ni yako. Kikitoka na doa jeusi, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo na umtumie picha ya doa, kabla siku za kurudisha mzigo hazijakwisha. Posta ya kwenda na kurudi kutoka hapa inakula muda mrefu, kwa hiyo makubaliano ya siku hizo yafanywe kabla ya kulipa.